Nyumba Iliyoungua na Nyumba ya Vioo

Wanangu wa Kitengela, nyinyi mmekulia mahali ambapo nyumba hazichelewi. Leo ni ploti tupu yenye nyasi na mbuzi wawili. Likizo ikiisha mnakuta msingi umechimbwa, na mkifunga shule tena ghorofa tano zimesimama, zina bango la vyumba vya kupangisha. Simenti inatoka Athi River hapo karibu, malori ya mawe na mchanga hayalali. Kwa hivyo nikiwaambia kwamba kuna watu katika nchi hii ambao wamehangaika na nyumba kwa miaka sitini, na kila wakiipata inawaponyoka, mtadhani natia chumvi.

Sitii. Watu hao ni wasanii: wachoraji, wachongaji, washairi, waigizaji, mafundi wa vioo. Nataka kuwasimulia habari za nyumba walizojenga au kupanga ili wakutane, na yaliyozipata nyumba hizo. Safari itaanza mbali kidogo, itapita Nairobi, kisha itarudi huku kwetu Kajiado, kwenye ukingo wa korongo ambalo wengi wenu hamjawahi kulifikia ingawa liko karibu.

Najua mtauliza: msanii anataka nyumba ya nini? Si achorie kwake?

Wengine huchorea kwao, kweli. Lakini picha yenye upana wa mita mbili haiingii kwenye chumba kimoja chenye kitanda, jiko na ndoo za maji. Rangi ya mafuta inanuka kwa siku nyingi kabla ya kukauka. Anayechonga jiwe atagombana na majirani kufikia saa mbili usiku. Hayo ni matatizo ya chumba. Tatizo kubwa zaidi ni upweke. Mchoraji akikaa peke yake mno, huanza kuiga picha yake mwenyewe ya jana, na hakuna wa kumwambia. Anahitaji wenzake waje, wasimame mbele ya kazi yake, wabishane. Mama zenu wana chama, sivyo? Wanakutana kila mwezi, wanachanga, wanampa mmoja wao leo na mwingine mwezi ujao, na katikati ya hesabu kuna chai na maneno mengi ambayo hayaandikwi kwenye kitabu cha kumbukumbu. Chama cha wasanii ni hivyo hivyo, ila wao wanachanga zaidi macho na maneno kuliko pesa. Pesa kwa kawaida hawana.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1961, katika mji wa Ibadan nchini Nigeria, waandishi na wachoraji walianzisha klabu iliyoitwa Mbari. Akina Wole Soyinka na Chinua Achebe walikuwamo. Mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele alikuwa mwandishi wa Afrika Kusini, Ezekiel Mphahlele, ambaye baadaye alijiita Es'kia. Alikuwa ameikimbia nchi yake kwa sababu serikali ya ubaguzi wa rangi ilimfukuza kazi ya ualimu na kumziba mdomo. Mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru, Mphahlele alikuja Nairobi na kuanzisha kituo cha namna ile. Akakiita Chemchemi. Watu walikuja kusoma hadithi zao kwa sauti, kuigiza, kutazama picha.

Fikirini Nairobi ya wakati huo. Kumbi za kuonyeshea picha zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa mikononi mwa Wazungu waliopenda picha za mlima wenye theluji, twiga wakati wa machweo, na labda Mmasai mmoja amesimama kwa mguu mmoja. Mmasai mwenyewe hakuulizwa angependa kuchora nini. Chemchemi ilikuwa kati ya milango ya kwanza kufunguliwa kwa Mwafrika mwenye brashi bila kumuuliza amekuja kufagia chumba gani.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wakubwa huliruka wanapowasimulia watoto, nami sitaliruka. Pesa za Chemchemi, kama za Mbari, zilitoka kwa shirika la utamaduni lenye makao yake Paris. Miaka michache baadaye ikafichuka katika magazeti kwamba shirika hilo lilikuwa likipokea fedha kwa siri kutoka kwa CIA, majasusi wa Marekani. Ulikuwa wakati wa vita baridi, Marekani na Urusi zikigombania nyoyo za watu, na washairi nao walihesabiwa kuwa sehemu ya uwanja. Mphahlele alisema hakujua. Mimi namwamini, kwa sababu vitabu alivyoandika havina harufu ya kutumwa. Hata hivyo tangu siku hiyo, swali la nani analipa kodi ya nyumba ya wasanii halijawahi kuwa swali dogo. Yeye mwenyewe hakukaa sana. Baada ya miaka miwili hivi aliondoka Nairobi.

Aliyesimamia picha pale Chemchemi alikuwa kijana kutoka Marangu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro upande wa Tanganyika. Jina lake Elimo Njau. Alizaliwa mwaka 1932, akasomea sanaa katika Chuo cha Makerere, Uganda, kwa mwalimu Margaret Trowell, yule mama Mwingereza aliyeanzisha masomo ya sanaa pale. Njau ndiye mhusika wetu mkuu, kwa hivyo nikae naye kidogo.

Mkifika Murang'a siku moja, ombeni mpelekwe kwenye kanisa kuu la Kianglikana, la Mtakatifu Yakobo. Lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Mwaka 1959 Njau, akiwa na umri wa miaka 27, alichora humo picha tano kubwa za ukutani: kuzaliwa kwa Yesu, kubatizwa kwake, karamu ya mwisho, bustani ya Gethsemane na kusulubiwa. Ukiingia ukiwa umezoea zile kalenda za Yesu mwenye nywele za dhahabu, unasimama. Yesu wa Njau ni Mwafrika. Vilima vya nyuma yake ni vilima vya Murang'a, miti ni ya pale, nyumba ni za pale, na watu wanaomzunguka wamevaa kama walivyovaa watu wa pale. Mwaka 1959 Waingereza walikuwa bado wanatawala na hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Kuchora hivyo kanisani, kwenye mji uliojaa machungu ya pande zote mbili, kulitaka moyo.

Mtu wa namna hiyo hakuweza kuishi kwa kungoja ukumbi wa mwingine umfungulie. Mwaka 1965, yeye na marafiki zake walianzisha nyumba yao wenyewe Nairobi, wakaiita Paa ya Paa. Nyinyi mnajua Kiswahili, jina nawaachia mlichambue wenyewe.

Tazameni waliokuwamo. Jonathan Kariara, mshairi na mhariri wa vitabu. Hilary Ng'weno, mwandishi wa habari ambaye baadaye alianzisha jarida la *Weekly Review*. Pheroze Nowrojee, wakili. James Kangwana, mtangazaji wa redio. Terry Hirst, Mwingereza mchora katuni aliyekuja kufundisha na hakurudi. Yeye na Ng'weno ndio waliomleta Joe, yule mwananchi wa kawaida wa kwenye jarida la vichekesho lililoanza mwaka 1973, ambaye babu zenu walimcheka kila mwezi. Na Rebeka Njau, mwandishi wa tamthilia na riwaya, aliyekuwa mke wa Elimo wakati huo. Mmeona? Wakili, mtangazaji, mwalimu, mshairi. Wachoraji peke yao hawakuwa wengi. Nyumba ya wasanii iliyojaa wasanii watupu huwa inakosa mtu wa kusoma mkataba wa pango.

Paa ya Paa haikuwa duka la picha tu. Picha zilitundikwa na zikauzwa zilipopata mnunuzi, lakini jioni watu walisoma mashairi, walipiga ngoma, waliigiza, walibishana kuhusu Afrika iendako. Njau alikuwa na neno moja ambalo kila aliyepita pale alilibeba: msiige. Aliamini kwamba anayekopi kazi ya mwenzake anamlaza Mungu usingizi. Ni onyo kali kwa mtoto wa shule, maana shuleni nyinyi mnaiga toka asubuhi hadi kengele ya mwisho. Lakini hakumaanisha msijifunze. Alimaanisha kwamba ukishajifunza namna ya kushika brashi, usiende kuchora twiga wa machweo kwa kuwa tu twiga wa jirani alinunuliwa.

Mwanzoni nyumba ilikuwa katikati ya jiji. Kodi ya katikati ya jiji mnaijua hata nyinyi, kwa sababu ndiyo iliyowaleta wazazi wenu Kitengela. Katika miaka ya 1970 Paa ya Paa ikahamia Ridgeways, nje kidogo kwa upande wa barabara ya Kiambu, kwenye shamba lenye miti mikubwa na nyumba ya zamani. Hapo ndipo ilipata mwili wake kamili: sanamu bustanini, maktaba, vyumba vya wageni waliotoka nchi nyingine kuja kukaa na kufanya kazi. Mke wa pili wa Njau, Phillda, Mmarekani mweusi aliyekuja Kenya na kuamua kubaki, alishika uendeshaji bega kwa bega naye. Miaka mingi walifika wanafunzi kwa mabasi, wakakaa chini kwenye nyasi, wakachora.

Kisha, Desemba 1997, nyumba ikaungua.

Moto uliteketeza ukumbi wa maonyesho, vitabu, na kazi za sanaa zilizokusanywa kwa miaka zaidi ya thelathini. Fikirini maana yake. Kitabu kilichochapishwa kikiungua, nakala nyingine iko mahali. Picha ya mafuta haina nakala. Ikiungua, imekufa, na mchoraji wake kama ameshatangulia mbele ya haki, hakuna wa kuichora tena. Nchi yetu haikuwa na jumba la taifa la kutosha la kuhifadhi sanaa ya kisasa, kwa hivyo sehemu ya kumbukumbu ya wachoraji wa Afrika Mashariki ilikuwa imewekwa kwenye nyumba moja ya mtu binafsi. Hilo linaniudhi mpaka leo, na sioni kwa nini lisiwaudhi nyinyi.

Njau na Phillda hawakuondoka. Walitumia kilichobaki, vitu vilivyoungua nusu vikawekwa bustanini pamoja na sanamu, wageni wakaendelea kufika, mafunzo yakaendelea chini ya miti. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema Paa ya Paa iliungua mwaka 1997. Iliyoungua ni nyumba. Chama hujulikana kama kipo siku ile paa linapoondoka juu yake, na hiki kilikutwa kipo.

Kuna chama kingine kilichopoteza nyumba, na hiki hakikupatwa na ajali. Limuru, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, wanakijiji, wengi wao vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, walijijengea ukumbi wa michezo usio na paa, wakaigiza mwaka 1977 tamthilia ya Kigĩkũyũ iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Watu walijaa. Serikali ikaondoa kibali, na Ngũgĩ wa Thiong'o akafungwa bila kushtakiwa. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa na polisi. Ukumbi wa miti na mbao! Ndipo mjue kwamba nyumba ya wasanii, hata ikiwa duni, kuna watu wanaoiogopa.

Turudi kwenye mambo mepesi. Mwaka 1968 wachoraji watatu, Robin Anderson, Yony Waite na David Hart, walifungua ukumbi Nairobi, wakauita Watatu, bila kujisumbua kutafuta jina. Ulikuwa ukumbi wa kuuza zaidi kuliko wa kukutania, lakini kupitia kwake walijulikana watu kama Jak Katarikawe wa Uganda, aliyewahi kuwa dereva na hakusoma shule ya sanaa, ambaye ng'ombe wake wa rangi ya ndoto wananing'inia leo kwenye kuta za watu wenye pesa nyingi. Nawatajia Watatu kwa sababu ya Yony Waite. Yeye alihama mjini akaja kuishi kwenye nyanda za Athi, ng'ambo tu ya hapa kwetu, akawa anachora makundi ya nyumbu.

Nyumbu wa Kitengela! Nyinyi mmewaona wachache au hamjawaona kabisa. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi ilipofunguliwa mwaka 1946 ilizungushiwa ua upande wa jiji, lakini upande wa kusini, yaani huku kwetu, iliachwa wazi ili wanyama waende na kurudi kufuata mvua na majani. Katika miaka ya 1970 nyumbu waliopita kwenye nyanda hizi walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Ardhi ya ranchi ya pamoja ilipogawanywa vipande, kila mwenye kipande akaweka seng'enge, kisha zikaja ploti, kisha ghorofa zile za likizo moja. Siwalaumu wazazi wenu. Mtu lazima alale mahali. Ila wasanii wa mwanzo waliokuja huku hawakuja kwa ajili ya kodi nafuu. Walikuja kwa ajili ya uwazi ule.

Mmoja wao ni Nani Croze. Ni Mjerumani kwa kuzaliwa, mchoraji wa picha za ukutani, aliyekuja Afrika Mashariki na mumewe mtafiti wa wanyama. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alihamia ukingoni mwa korongo la mto Mbagathi, ambao Wamasai wanauita Empakasi, mpakani kabisa mwa mbuga, upande wa Kajiado. Ukitaka kuuona mto huo ukiwa mtu mzima, nenda kaskazini ya Malindi: ukiteremka unaitwa Athi, kisha Galana, kisha Sabaki, halafu unamwaga tope lake jekundu baharini. Huku juu ni mwembamba na korongo lake ni refu. Wanaofika kwa miguu kutoka ng'ambo huvuka kwa daraja la kuning'inia linaloyumba. Kama unaogopa, tazama mbele.

Hapakuwa na umeme, barabara wala jirani wa karibu. Akaanza na madirisha ya vioo vya rangi. Mmeyaona makanisani: vipande vya rangi vilivyounganishwa vikawa mtakatifu au njiwa. Namna nyingine aliyoitumia ni kuchukua mabonge mazito ya kioo cha rangi na kuyapanga ndani ya simenti, ili ukuta mzima unywe jua na kulitema likiwa la bluu na nyekundu. Baada ya muda kila kitu pale kikaanza kufanana na kazi yake. Nyumba zikawa na mapaa ya mviringo, vijia vikatandikwa vigae vilivyovunjika, chupa zikapangwa ukutani shingo zikitazama nje, na majitu ya vyuma chakavu yakasimama kwenye nyasi kama askari wa zamu. Vijana wa maeneo ya jirani wakaajiriwa, wakafundishwa, na wengine wao baadaye walijitegemea.

Mwanawe, Anselm, aliyekulia hapo hapo, akajifunza kazi ngumu zaidi, ya kupuliza kioo kikiwa moto. Katika miaka ya 1990 akajenga tanuri lake karibu na karakana ya mama. Hebu niwaeleze linavyofanya kazi, kwa sababu ni jambo ambalo hata wakubwa wengi hawalijui.

Kioo kipya huanza kwa mchanga, chokaa na magadi. Naam, magadi. Lile Ziwa Magadi liko kaunti hii hii ya Kajiado, na kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911. Reli ilijengwa mahususi kuyabeba, na sehemu kubwa huenda ng'ambo kwenye viwanda vya vioo. Mchanga peke yake unataka moto mkali mno ili uyeyuke. Magadi yanaulainisha, nayo chokaa inazuia kioo kisiyeyuke tena kikiguswa na maji. Lakini mafundi wa korongoni hawaanzi na mchanga. Wanachukua mabaki ya vioo vya madirisha, vile vipande ambavyo fundi wa mtaani anavitupa baada ya kukata kipimo. Vinatiwa tanurini na kuachwa mpaka vinakuwa uji mzito wenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Moto wenyewe kwa miaka mingi umelishwa oili chafu iliyotolewa kwenye injini za magari. Takataka inayeyusha takataka.

Fundi anachovya ncha ya bomba refu la chuma, analizungusha, anatoka na donge linalong'aa rangi ya machungwa. Hathubutu kuacha kulizungusha, kwa sababu likitulia litadondoka upande mmoja. Anapuliza kidogo. Donge linavimba. Analibiringisha kwenye meza ya chuma, analirudisha motoni, analitoa, anapuliza tena, mwenzake anakuja na koleo, mwingine anafungua mlango wa tanuri kabla hajaambiwa. Hawasemezani sana. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Nawaomba mliangalie hilo siku mtakapokwenda, kuliko kuangalia rangi. Glasi ikiisha kuumbwa haiwekwi mezani ipoe. Ingepasuka. Inaingizwa kwenye oveni ya nyuzi kama 500 na kushushwa joto polepole usiku kucha. Asubuhi ndipo inapochukuliwa, na mara nyingi utaona ina ukijani mwepesi, kwa sababu kioo cha dirisha kina chembe za chuma ndani yake.

Je, hapo korongoni ni klabu? Hakuna kadi ya uanachama wala mwenyekiti. Ni karakana ya familia na biashara, na bei za glasi zake si za mfuko wenu wala wangu. Lakini kwa miaka zaidi ya arobaini wasanii wamekuwa wakienda pale, wakilala, wakijaribu mkono kwenye kioo, wakirudi mjini na wazo. Kwangu mimi hiyo ni klabu kuliko baadhi ya klabu zenye katiba.

Na tukiwa bado Kajiado, msidhani vioo vililetwa kwetu na Nani Croze. Bibi zenu wa Kimasai walikuwa mabingwa wa kioo kabla hajazaliwa. Shanga zile ni kioo. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka pwani ilizileta bara zikitoka Venice na Bohemia, na kabla yake watu walijipamba kwa mbegu, mifupa, chuma na makombe. Wanawake wakazichukua shanga za wageni wakazipa utaratibu wao, rangi gani ikae kando ya ipi, nani avae nini na lini. Wanakutana chini ya mgunga, kila mmoja na sinia yake ya shanga na uzi wake, watoto wakicheza pembeni. Hawana jengo. Na kumbukeni kwamba kwa Wamasai mjenzi wa nyumba ni mwanamke: yeye ndiye anayesimamisha fito za enkaji na kuikandika kwa samadi. Wanaojua kujenga hawakuona haja ya kujengea chama chao nyumba. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi.

Huko mjini, nyumba ziliendelea kuja na kwenda. Mwaka 1995 ilianzishwa Kuona Trust, ikapewa nafasi kwenye uwanja wa Makumbusho ya Taifa. Kijana yeyote mwenye kipaji na asiye na rangi aliweza kufika, kupata pembe ya kufanyia kazi. Mwaka 2003 lilifunguliwa godauni moja Dunga Road, eneo la viwanda, lililokuwa la kutengenezea magari. Likasafishwa likawa GoDown Arts Centre, chini ya uongozi wa Joy Mboya, aliyejulikana kwanza kama mwimbaji. Wachoraji, wacheza densi na wanamuziki wakagawana vyumba palipokuwa na grisi. Kuona ikahamia huko, kisha mwaka 2008 ikahamia Hurlingham, kwenye bustani iliyopangwa makonteina ya meli, kila konteina msanii wake. Jua la Januari ndani ya konteina silitamani, lakini mlango unafunguka kwenye bustani na jirani yako ni mchongaji anayekuuliza kwa nini umepaka kijani pale.

Patrick Mukabi, yule anayechora kina mama wanene wa sokoni wakimpa mtazamaji mgongo, alihama kutoka GoDown akaenda kufungua karakana kwenye Makumbusho ya Reli. Watoto wa shule walikuwa wakienda huko kufundishwa kuchora. Majengo ya zamani ya GoDown nayo yakabomolewa baadaye ili jengo jipya lisimame.

Nayo Kuona? Mwaka 2017 ule mfuko uliokuwa ukiiendesha ulianguka. Hapakuwa tena na ofisi wala mkurugenzi, na pango lilikuwa linadaiwa kama kawaida yake. Wasanii wa kwenye makonteina wakaitana, wakakaa bustanini, wakaamua kubaki. Wakaunda ushirika, Kuona Artists Collective, kila mmoja akilipia nafasi yake na kazi za uendeshaji zikigawanywa kati yao. Kwa hesabu zangu, huo ndio wakati Kuona ilipogeuka kutoka mradi ikawa chama. Wachoraji waliokuwa wakilalamikia menejimenti wakajikuta wao ndio menejimenti, wakibishana kuhusu bili ya maji.

Wengi wa wasanii hao hawalali Hurlingham. Jioni wanapanda matatu kwenda kulikoangukia kodi wanayoimudu, na baadhi yao ni majirani zenu. Yule kaka mwenye rangi kwenye kucha anayeshuka stejini saa mbili usiku huenda si fundi wa kupaka nyumba. Mwulizeni.

Hapa mjini Kitengela kuna vijana wanaochora matatu, wanaotengeneza mageti yenye maua ya chuma, wanaoshona shanga, wanaorekodi nyimbo kwenye chumba kilichobandikwa magodoro ukutani. Kila mmoja yuko kivyake. Mkifika umri wa kitambulisho mtakuta kuna sheria ya mwaka 2022 ya kusajili vikundi vya kijamii: inataka wanachama wasiopungua kumi, katiba yenu, na viongozi mliowachagua wenyewe. Kikao cha kwanza kinaweza kukaa popote penye kivuli. Tafuteni na mtu mmoja wa sheria, kama Paa ya Paa walivyokuwa na Nowrojee, maana mwenye ploti akija na mkataba wake, mchoraji ataangalia karatasi ni ya rangi gani.